Munich na LiMux: hoja iliyoshinda na hoja iliyonadiwa

Katika mabishano kuhusu programu huria serikalini, yaani programu ambazo yeyote anaruhusiwa kuzifungua, kuzirekebisha na kuzigawa, jiji la Munich hutajwa na pande zote mbili. Anayezipigia debe atakwambia kwamba jiji zima la Ujerumani liliachana na Windows likaokoa mamilioni ya yuro. Anayezipinga atakwambia kwamba jiji hilohilo lilijaribu, likachoka, likarudi kwa Microsoft. Kila mmoja ana tarehe na tarakimu mkononi, na hakuna anayedanganya waziwazi. Lakini ukikifuata kisa chenyewe toka mwanzo unakuta kwamba hoja iliyolifanya jiji lichague Linux, mfumo endeshi huria mbadala wa Windows, mwaka 2003 siyo hiyo wanayoigombania. Ile ya kwanza ilikuwa ya kweli na ilihimili maswali. Ya pili ililetwa baadaye, na watu wenye nia njema, na haikuhimili.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ofisi za jiji la Munich zilikuwa na kompyuta zipatazo 14,000, nyingi zikiendeshwa na Windows NT 4.0. Microsoft ilikuwa imeshatangaza kwamba italiacha toleo hilo bila huduma. Kompyuta zenyewe zilikuwa zinafanya kazi na makarani walikuwa wamezizoea, ila bila masahihisho ya usalama ofisi ya umma haiwezi kuendelea nazo. Kwa hiyo jiji lilikuwa linahama kwa vyovyote vile. Kilichobaki ni kuamua linahamia wapi.

Kampuni ya ushauri ya Unilog ikapewa kazi ya kulinganisha njia zilizopo. Microsoft, ilipoona mteja mkubwa anayumba, haikumtuma meneja wa mauzo. Machi 2003 Steve Ballmer, mtendaji mkuu wa wakati huo, alikatiza likizo yake ya kuteleza kwenye theluji nchini Uswisi akaenda kuonana na meya, Christian Ude. Bei ikaanza kushuka. Kwa takwimu zilizochapishwa na gazeti la USA Today mwaka huohuo, ofa ya Microsoft ilitoka dola milioni 36.6 ikafika milioni 23.7, wakati ile ya IBM na SuSE, kampuni ya Linux ya Ujerumani, ilikuwa milioni 35.7. Tarehe 28 Mei 2003 baraza la jiji lilipiga kura, likachagua Linux.

Rudia kusoma hizo tarakimu. Ofa iliyoshinda ilikuwa ghali kuliko iliyoshindwa kwa dola milioni 12, na madiwani walilijua hilo. Tathmini ya Unilog ilikuwa imeweka fedha kwenye hesabu yake, na mambo ya muda mrefu kwenye hesabu nyingine: nani anashika usukani wa mifumo ya jiji, nani anaamua lini mfumo umezeeka, itakuwaje siku muuzaji akibadili mkataba. Kwenye hesabu ya kwanza Windows iliongoza. Kwenye ya pili Linux iliongoza, na wazi. Wakati huo ushahidi haukuhitaji maneno mengi, kwa sababu NT 4.0 yenyewe ilikuwa mezani: mfumo mzima, usio na kasoro kubwa, unastaafishwa na mtu asiye mkazi wa Munich.

Nadhani huo ndio unadi wa programu huria ulio safi kuliko wote ninaoufahamu katika ngazi ya serikali. Waliambiwa itawagharimu zaidi sasa, itachukua muda, na malipo yake ni kuwa na kauli kwenye mifumo yao wenyewe. Mtu akikubali sharti la namna hiyo, bili ya kwanza ikifika hawezi kusema alidanganywa.

Kazi ikaanza, na ilikuwa nzito kuliko ilivyodhaniwa. Mpango kamili uliidhinishwa na baraza Juni 2004. Miezi miwili baadaye ukasimama kwa muda, kwa hofu ya hataza za programu, yaani haki za kipekee za uvumbuzi, zilizokuwa zikijadiliwa Ulaya. Mwaka 2005 jiji likachagua kujenga mfumo wake, LiMux, juu ya Debian, baadaye likahamia Ubuntu, zote mbili zikiwa aina za Linux. Kompyuta za kwanza zilibadilishwa mwaka 2006. Lengo la awali lilikuwa kumaliza kabla muongo haujaisha. Mradi ulitangazwa kukamilika Desemba 2013.

Kilichokula miaka hiyo si Linux. Mwanzoni jiji halikuwa na kitengo kimoja cha TEHAMA. Lilikuwa na idara nyingi, kila moja na mafundi wake, seva zake, taratibu zake, na programu zake maalumu za kazi. Halafu kulikuwa na violezo. Anayefanya kazi kwenye ofisi ya umma ananielewa: barua ya onyo ina kiolezo, kibali cha ujenzi kina kiolezo, na ndani ya kiolezo kuna makro, yaani amri zinazojiendesha zenyewe, iliyoandikwa na karani fulani mwenye kipaji, ambaye amestaafu na hakuacha maelezo. Munich ilikuwa na maelfu ya vitu hivi, vyote vimeandikwa kwa ajili ya Word. OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyochukua nafasi ya Word, haikuweza kuviendesha. Ilibidi kila kimoja kitafutwe, kiulizwe kama bado kinahitajika, kiunganishwe na vinavyofanana, kisha kiandikwe upya. Jiji likatengeneza programu yake ya kusimamia violezo, WollMux, na mwaka 2008 likaitoa kwa leseni huria ili wengine waitumie.

Mwaka 2010 wasimamizi wa mradi walisema hadharani kwamba walikuwa wamekadiria chini ukubwa wa mchafuko waliourithi, na kwamba sasa wanatanguliza ubora badala ya tarehe. Habari hiyo ilipokewa na wapinzani kama dalili ya kushindwa. Mimi naiona kama mwendelezo wa ukweli wa 2003. Kuna mambo ambayo hayajulikani mpaka ufungue makabati. Hata hivyo, upo upande wake mgumu: violezo vile vingelisumbua jiji hata kama lingehamia toleo jipya la Windows na Office, ingawa pengine kwa kiasi kidogo. Mradi wa Linux ulibeba lawama ya uchafu ambao kazi yake ilikuwa kuufagia tu.

Mwishoni mwa 2013, kompyuta karibu 14,800 kati ya 15,500 hivi zilikuwa kwenye LiMux. Zilizobaki zilikuwa na programu za kazi zisizokuwa na mbadala. Kwa mradi wa umma, uliobadilisha kila meza, hayo ni matokeo ya kujivunia.

Sasa turudi nyuma mwaka mmoja, kwa sababu hapo ndipo hoja ilipobadilika.

Novemba 2012, likijibu swali la diwani, jiji lilitoa hesabu kwamba LiMux imeokoa zaidi ya yuro milioni 10 ukilinganisha na kubaki kwenye Windows na Office ya Microsoft. Hesabu hiyo ilikuwa halali kwa namna ilivyofanywa. Ililinganisha fedha zilizotumika na fedha ambazo zingetumika kwa leseni na kompyuta mpya kama jiji lingefuata njia nyingine. Neno la kuangalia ni "zingetumika". Njia ile ya pili haikupitwa na mtu, kwa hiyo upande mmoja wa mizani ulikuwa makadirio.

Habari hiyo ilipowafikia wanadi wa programu huria duniani, makadirio yaliachwa njiani. Kilichobaki ni kichwa cha habari: Munich imeokoa milioni 10. Mawasilisho yakaandaliwa. Nimekaa kwenye mikutano ambayo tarakimu hiyo ilioneshwa ukutani kwa herufi kubwa, na hakuna aliyetaja kwamba mwaka 2003 jiji lilichagua njia iliyokuwa ghali zaidi, tena kwa makusudi. Ni kishawishi ninachokielewa. Ukiwa mbele ya mkurugenzi wa fedha una dakika tano, na kueleza uhuru wa kuchagua mtoa huduma kunachukua kumi. Milioni 10 inasemwa kwa pumzi moja.

Haikupita hata miezi mitatu. Januari 2013 uchambuzi uliofanywa na kampuni ya HP kwa kuagizwa na Microsoft ulisema kinyume kabisa: LiMux imeligharimu jiji yuro milioni 60.6, na Windows XP pamoja na Office 2003 vingegharimu milioni 17 tu. Jiji likajibu kwa kina, likaonyesha dhana ambazo uchambuzi ule ulizitegemea, ikiwemo kulinganisha na XP, mfumo uliokuwa unaelekea kuachwa bila huduma mwaka 2014. Nikisoma majibizano yale naona jiji lilikuwa na hoja nzuri zaidi. Lakini msomaji wa kawaida hakubaki na hoja. Alibaki na tarakimu mbili zinazopingana, na hitimisho la kawaida la mtu aliyeona tarakimu mbili zinazopingana: kila mtu anavutia kwake.

Hapa ndipo unadi wa kupitiliza ulipoleta hasara, ingawa hakuna aliyesema uongo. Hoja ya 2003 ilikuwa haigusiki na uchambuzi wa HP. Hata kama LiMux ingegharimu yuro milioni 60, bado jiji lingekuwa na mifumo linayoweza kuifungua, kuirekebisha, na kuikabidhi kwa mtoa huduma mwingine. Angeweza mtu kusema bei hiyo ni kubwa mno kwa uhuru huo, na huo ungekuwa mjadala wa maana. Lakini mara tu fedha ilipowekwa mbele kama sababu kuu, mjadala ukahamia uwanja ambao Microsoft ina wahasibu wengi, inaweza kushusha bei kesho asubuhi, na ilikwisha kuonyesha mwaka 2003 kwamba iko tayari kufanya hivyo.

Mwaka 2014 meya akabadilika. Dieter Reiter, wa chama kilekile cha Ude, aliyejieleza mwenyewe kuwa mpenzi wa Microsoft, alichukua ofisi. Majira ya joto ya mwaka huo naibu wake, Josef Schmid wa chama cha CSU, akasema hadharani kwamba watumishi wanalalamika. Miongoni mwa mifano iliyotajwa ni simu ya meya mwenyewe, iliyochukua wiki kadhaa kabla ya kuunganishwa na barua pepe za ofisi. Ukilichunguza tatizo hilo unakuta linahusu seva ya barua pepe na kalenda, kazi ambayo jiji lilikuwa bado linaishughulikia tofauti, na halina uhusiano na mfumo endeshi wa kompyuta za mezani. Jibu hilo ni sahihi na halisaidii kitu. Mtu ambaye simu yake haipokei barua hataki kufundishwa mipaka ya mfumo endeshi.

Kuna kitu hapa ambacho naona hakisemwi vya kutosha. Mradi ulipewa jina na nembo: pengwini wa Linux amevishwa joho la mtawa, kama mtoto aliye kwenye nembo ya Munich. Ni nembo ya kupendeza, na ilisaidia sana kuwafurahisha waliokuwa tayari upande ule. Lakini jina hilo likawa kapu. Printa ikigoma, ni LiMux. Hati kutoka wizarani ikifunguka na jedwali limevurugika, ni LiMux. Mtandao ukiwa mzito, LiMux. Kwenye ofisi yenye Windows, printa ikigoma, watu husema printa imegoma. Anayetaka kunadi kwa uaminifu afikirie mara mbili kabla ya kuubandika mradi jina la kishujaa, maana mafanikio huzoeleka baada ya mwezi na kila kero inabaki na pa kubandikwa.

Pia kuna kundi ambalo halikuwahi kupelekewa hoja yoyote inayolihusu. Uhuru kutoka kwa muuzaji ni hoja ya diwani. Akiba ni hoja ya mweka hazina. Karani wa dirishani, anayepokea faili la Word (docx) kutoka kwa mkandarasi na kulirudisha likiwa na marekebisho, anapata nini? Kwa kweli, kwa siku nyingi hapati chochote cha ziada. Anapata kitu kinachofanana na alichokuwa nacho, pamoja na kero mpya kadhaa na baadhi ya kero za zamani kuondoka. Mnadi mwaminifu angemwambia hivyohivyo: hati za kawaida zitafunguka, zile zenye majedwali mazito na makro zitakusumbua, kwa hizo piga namba hii, na kompyuta moja yenye Windows ipo chumba kile kwa ajili ya kazi zisizowezekana. Si maneno ya kuvutia. Ila mtu aliyeonywa kuhusu jedwali hulalamikia jedwali, na aliyeahidiwa mfumo bora hulalamikia mfumo mzima.

Mwaka 2016 kampuni ya Accenture, yenye ushirika wa kibiashara wa muda mrefu na Microsoft, pamoja na kampuni nyingine ya ushauri, ilikabidhi ripoti juu ya TEHAMA ya jiji. Hata ripoti hiyo ilikuta kwamba matatizo makubwa yako kwenye mpangilio: mamlaka yaliyotawanyika, maamuzi ya polepole, matoleo ya zamani yaliyoachwa bila kusasishwa. Mwaka huohuo makao makuu ya Microsoft Ujerumani yalihama kutoka kitongoji cha Unterschleißheim kuingia ndani ya Munich. Watetezi wengi wa LiMux wanaishia hapo, wakikonyeza jicho. Sioni sababu ya kuwafuata. Uhamisho huo ni wa kweli, kodi ya biashara kwa jiji ni ya kweli, lakini kutoka hapo mpaka kusema kura zilinunuliwa ni mwendo mrefu, na anayedai hivyo bila ushahidi anafanya kile anachowalaumu wauzaji wa upande wa pili.

Februari 2017 baraza likaamua kuandaa kurudi Windows, na Novemba likathibitisha: Windows 10 kila mahali kufikia mwisho wa 2020, kwa gharama iliyotajwa kuwa karibu yuro milioni 50 kwa upande wa kompyuta za Windows peke yake. Mkuu wa kitengo cha TEHAMA cha jiji alikuwa ameshasema kwamba haoni sababu za kiufundi zenye uzito za kuiacha Linux. Hakusikilizwa, na kwa wakati huo hata milioni 10 za 2012 hazikuwa na wa kuzitetea. Baraza lililokuwa linadaiwa kuokoa fedha lilipiga kura ya kutumia fedha nyingi zaidi, na halikuonekana kuona mgongano wowote. Ni kana kwamba liliijibu hoja ya 2003 kwa kuigeuza: wakati ule waliamua kulipa zaidi ili wawe huru, safari hii waliamua kulipa zaidi ili wasisumbuliwe.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, hoja ya bei ina udhaifu wa ziada. Munich ilikuwa inalipia leseni. Kwenye steshenari na ofisi ndogo nyingi za kwetu, Windows na Office huwekwa na fundi kwa bei ya chakula cha mchana, bila leseni yoyote. Ukienda kumwambia mwenye steshenari kwamba LibreOffice, programu huria ya ofisi, haina malipo, atakutazama tu, kwa sababu na alichonacho hakina malipo. Kinachomgusa ni virusi vinavyokuja na nakala hizo, na masasisho yanayokataa. Hivyo unaweza kumwambia bila kutia chumvi. Lakini kabla hujafungua mdomo, chukua faili analolitegemea kweli, kwa mfano ritani ya kodi ya Kenya ambayo kwa miaka mingi imekuwa jedwali la Excel lenye makro, ulijaribu kwenye LibreOffice mbele yake. Likikataa, mwambie limekataa. Pengine atabaki na Excel kwa faili hilo moja na kukubali mengine.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa programu hilo si kweli. Nzuri nyingi zimekufa bila mtu kuzijua, kwa sababu hazina idara ya mauzo, na watu wa kuzinadi ni walewale wanaozitengeneza na kuzitumia. Kunadi ni lazima. Swali la Munich lilikuwa ni nini kinachonadiwa.

Mwaka 2020 muungano mpya wa chama cha Kijani na SPD, chama cha Ude na Reiter, jijini ulikubaliana kwamba programu zinazolipiwa na umma ziwe huria pale inapowezekana. Kompyuta za mezani zikabaki kwenye Windows. Aprili 2024 jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini kabisa mwa nchi, likatangaza kuhamisha watumishi 30,000 kwenda LibreOffice, na Linux kufuata. Sababu iliyotajwa kwanza ni ileile ya 2003, ya nani anashika data na mifumo ya dola. Hawakuanza na mfumo endeshi. Wameanza na programu za ofisi na barua pepe, vitu ambavyo Munich viliitesa zaidi. Mwaka 2025, barua pepe zilipokuwa zinahamishwa, malalamiko yalikuja kutoka mahakamani na polisi, na waziri anayehusika na masuala ya dijitali akakiri kwa watumishi kwamba kulikuwa na makosa katika uhamisho. Tarakimu za akiba nazo zimeshaanza kutajwa na kusambazwa, zikiwa na mamilioni yake ya yuro, na wanaozisambaza ni marafiki wa mradi.